Mkono Uliofungua Msimu

7 Oktoba
Jana sikukuu ya Mtakatifu Bruno, leo tumefungua msimu. Nazareno ameshuka mlimani na baghala wake, magunia yakidondosha udongo mpaka kwenye kizingiti nilichokisugua jana kwa magoti yangu. Nimemtukana, akacheka. Ameyabwaga mafundo bandani na kusema, "Shangazi Agazia, mwaka huu mlima umezaa." Kweli umezaa. Erika yenyewe ni kichaka cha hovyo, matawi yake tunafungia fagio. Lakini pale chini, kati ya shina na mizizi, hujivimbia fundo gumu kama kichwa cha mtoto mchanga, na humo ndimo vinamotoka viko vya kuvutia tumbaku. Sehemu nyingine zote ni kuni.

Mume wangu Vrasi amefanya kama alivyofanya baba yake. Kavua kofia, kajifanyia ishara ya msalaba, kawasha msumeno wa mashine, kakata fundo la kwanza katikati. Nami nikasimama mlangoni nikasema maneno yangu ya kila mwaka, kwa sauti, ili mwenye sikio asikie: mkono uliofungua msimu ndio utakaoufunga. Ukibadilika mkono, mimi siwashi moto chini ya sufuria la kuchemshia vipande. Baba mkwe aliwahi kuugua katikati ya msimu, ndugu yake akashika msumeno, na vipande vyote vya mwaka ule vilipasuka. Tulikuwa mezani tunakula tukavisikia vinalia huko ghalani, ta, ta, ta, kama mtu anavunja mifupa ya kuku.

Ivana, mke wa mwanangu, akauliza, "Na mkataji akifa je, Mama?"

"Akifa tutamsamehe."

Huyu Ivana ni wa Torino. Mwanangu Cosmo yuko huko kiwandani, akanitumia mkewe tangu masika kwa sababu mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la chuma na daktari alitaka hewa ya mlima. Hewa anaipata. Mwembamba, kimya, anakata mkate vipande vyembamba mpaka unaona meza kwa chini.

Sikuwahi kukaa darasani. Herufi nilizipata uzeeni kwa padri mmoja mgeni aliyefundisha wanawake nyuma ya kanisa, miezi ya baridi. Naandika kama kuku anavyodonoa, lakini nikiandika hakuna anayenikatiza.

9 Oktoba
Mvua. Nimemwagia maji mafundo asubuhi na jioni, nikayafunika magunia mabichi. Fundo likikauka kabla ya kukatwa limekufa.

14 Oktoba
Leo nimechemsha mara ya kwanza, na hasira haijanitoka.

Ndani ya kila fundo kuna moyo, sehemu nyekundu iliyooza, haina nguvu. Mkataji anauzunguka, anautupa, anabaki na vipande vya nje vilivyo hai. Vipande hivyo ndivyo vinavyoingia katika sufuria langu la shaba na kuchemka kutwa mpaka maji yawe mekundu kama divai na utomvu wote utoke. Kipande chenye moyo kikiingia humo ni uchafu mtupu, kitapasuka na kuchafua wenzake.

Nimeingiza mkono kikapuni nikatoa kipande chenye moyo. Nikatoa kingine. Na kingine! Nilishtuka kama mtu aliyekuta panya ndani ya mkate. Vrasi hawezi kunitumia moyo, hata akiwa amelewa, hata akiwa na homa. Basi nani anabeba vikapu kutoka kwenye msumeno hadi kwangu? Ivana.

"We Ivana! Umemimina vya kutupa ndani ya vya kazi?"

Alikuwa anafagia. Alimtazama Vrasi, kisha akanitazama mimi.

"Ndiyo, Mama. Nimechanganya. Nisamehe."

"Macho yako umeyaacha Torino?"

Vrasi alikuwa ameshikilia fremu ya mlango. Alisema tu, "Mwache mtoto, Agazia."

Mtoto! Ana miaka thelathini na zaidi huyo.

20 Oktoba
Tena. Robo ya kikapu ni moyo. Nimemwita majina ambayo padri hatayasikia kwangu. Hakujibu. Mtu asiyejibu ananitisha kuliko anayenitupia sahani.

22 Oktoba
Nazareno ameleta mzigo. Vrasi akatoka uani, akampita, akampiga baghala bega na kumwambia, "Habari za huko juu, Nazareno?" Tulicheka mpaka nikashika tumbo. Nazareno akasema, "Bwana Vrasi, angalau umemsalimu yule mwenye akili kati yetu." Vrasi naye kacheka. Ivana peke yake hakucheka. Mtu wa Torino hata kucheka anapimiwa.

25 Oktoba
Wameteremka mjini kwa basi, Vrasi na Ivana, kununua meno mapya ya msumeno. Nikauliza kwa nini yeye na si mimi. "Wewe utagombana na muuza duka," akasema Vrasi. Hilo ni kweli.

Wamerudi jioni bila meno ya msumeno. Duka lilikuwa limefungwa, wanasema. Wamekaa mezani kama watu waliotoka kuzika. Ivana macho mekundu. Nimemwekea supu ya maharage, kaizungusha kwa kijiko mpaka ikapoa.

Kuna jambo. Nadhani huyu msichana anamzungusha mzee kuhusu karakana. Anataka iwe ya Cosmo kabla hatujalala kaburini, kisha waiuze wabaki Torino na zulia sebuleni.

28 Oktoba
Vrasi kaja kula na kidole gumba kimefungwa kitambaa, damu imepenya. "Tupa imeteleza," anasema. Tupa haikati hivyo. Nilitaka kukifungua akakivuta. Nikamwambia wakataji wote wa bonde hili wana vidole pungufu, yeye peke yake amefika uzeeni na kumi vyake, na akithubutu kuniharibia mkono huo nitamwongezea kwa fimbo. Hakunijibu kwa mzaha. Hilo nimelala nalo kifuani.

4 Novemba
Nimechemsha. Kikapu safi! Kipande baada ya kipande, hakuna moyo hata mmoja, makali yamenyooka. Nimemwambia Ivana, "Unaona ukiamua?" Kasema, "Ndiyo, Mama."

Nimefurahi na nimeshangaa vilevile. Msumeno wenyewe sasa unaimba kwa sauti nyingine, ya juu, ya haraka. Vrasi anakata kama kijana. Hasira ya kidole, labda.

11 Novemba
Mtakatifu Martino, divai mpya. Vrasi kamimina divai pembeni mwa bilauri, juu ya kitambaa changu cheupe. "Nacho kilikuwa na kiu," akasema. Nimemwagia chumvi. Doa halijatoka.

12 Novemba
Mvua.

13 Novemba
Mvua. Ghala nimeliziba nyufa kwa matambara. Vipande vilivyochemshwa vinataka giza na utulivu, upepo ukivigusa vinapasuka. Nimevigeuza vyote. Hakuna ufa.

19 Novemba
Ivana amekuja mezani na unga wa msumeno kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka ndani ya masikio. "Unafagia kwa kichwa?" nikamwuliza. Vrasi ndiye aliyejibu: "Karakana ndogo, vumbi linaruka." Na huyo mwembamba sasa anakula kama mbeba mizigo. Leo kamaliza mkate, kakata na wa kesho. Sikusema kitu. Mtu akila kwangu simhesabii, hata kama simpendi.

27 Novemba
Nimemshika mkono nikimpa ndoo. Kiganja kimekuwa kigumu kama kwato. Kwa kubeba vikapu tu? Nimemwambia apake mafuta ya zeituni. Kwa nini nimemwambia hivyo sijui, mdomo ulitangulia.

5 Desemba
Baridi imeingia. Vikapu safi. Msumeno unaimba. Kila ukinyamaza ghafla moyo wangu nao unanyamaza mpaka uanze tena. Zamani sikuwa hivi. Ni kile kidole.

13 Desemba
Siku ya Mtakatifu Lucia, msimamizi wa macho. Nitaandika taratibu.

Asubuhi Vrasi kavaa suti. Nikamwuliza nani kafa. "Naenda misa," akasema. Vrasi! Mtu aliyeingia kanisani siku ya ndoa yetu na ya ubatizo wa Cosmo, na mara zote mbili alikuwa anatazama mbao za madhabahu kuona nani kazichonga. Nikafunga kilemba nikaenda naye. Kanishika mkono njia nzima. Nikafikiri, tazama, uzeeni kanikumbuka. Nilitembea nikijivuna mbele ya majirani kama bi harusi!

Kanisani akachukua mshumaa kuuwasha kwa mtakatifu. Akaupeleka kwenye moto wa mshumaa mwingine, na akausimamisha pembeni. Si karibu. Pembeni, upana wa kiganja. Akangoja. Utambi ulikuwa hewani, hauna kitu, na yeye anangoja ushike. Kisha akapeleka kidole kutafuta joto liliko, polepole, akalipata, akausogeza mshumaa pale kidole kilipo. Ukawaka. Akaupachika.

Mimi nilikuwa nyuma yake.

Nyumbani nimepika ngano ya kuchemsha kama tufanyavyo siku hii. Nimemwekea bakuli. Nikaketi mbele yake, dirisha lipo nyuma yangu, mwanga wote upo. Nikamtolea ulimi.

Akaendelea kula.

Nikatumbua macho, nikavuta masikio kama mtoto mjinga, nikapanua mdomo mpaka taya likauma. Vrasi akatafuna, akameza, akasema, "Mwaka huu umeweka asali nyingi, Agazia. Tamu." Macho yake yalielekea juu kidogo ya bega langu. Ivana aliniona. Kijiko chake kilianguka.

Nilisimama nikaenda kuosha sufuria safi.

Nimelala na mtu huyu maisha yangu yote ya utu uzima, najua anavyokohoa, najua goti lipi linamuuma mvua ikikaribia, na sikujua kwamba haoni. Alimsalimu baghala, na mimi nikashika tumbo kwa kicheko.

Na huyu mtu kutwa yuko kwenye msumeno. Meno yanazunguka, fundo limelowa linateleza, vidole vikiwa upana wa kidole kutoka kwenye chuma. Anakata naye ni kipofu. Lakini siwezi kumzuia, najiambia, mpaka msimu ufungwe, maana mkono ukibadilika kila kilicho ghalani kitapasuka. Nimeandika sentensi hiyo kisha nikaisoma. Nimejiogopa.

14 Desemba
Asubuhi nilikuwa namwagia maji mafundo, msumeno ukaanza. Nilisikia ule mlio wa juu, wa haraka, akilini nikaona kidole gumba kile kimefungwa kitambaa, nikaona mkono mzima kwenye unga mwekundu. Nilitupa ndoo. Nikakimbia na viatu vya mbao uani. Acha vipande vipasuke! Acha ghala lote lipasuke na paa lidondoke!

Nikasukuma mlango, na hapo nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, kwa sababu hakuna anayemwita mkataji akiwa kazini. Ukimwita anageuka, akigeuka mkono unaondoka.

Lakini aliyekuwa kwenye msumeno hakuwa Vrasi.

Alikuwa Ivana. Kafunga nywele kwa kitambaa, miguu kaitanua, kashika fundo kwa mikono ile myembamba na kulisukuma ndani ya meno bila papara, akiligeuza, akiliondoa, akiligeuza. Vrasi kaketi kwenye kigoda upande wa pili, fundo jingine mapajani, analigonga kwa kifundo cha kidole kama daktari anavyogonga kifua. Gonga, sikiliza. Gonga. Kisha analinusa. Anachora alama kwa ukucha na kuliweka upande wake.

Nilisimama mpaka Ivana akazima mashine. Meno yalichukua muda wao kutulia. Kisha akaniona.

"Mama."

Vrasi akainua uso. "Yupo wapi?"

"Mlangoni, Baba."

"Ana nini mkononi?"

"Hana kitu."

"Basi tuna bahati," akasema Vrasi.

"Tangu lini?" nikauliza. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Ivana akashika fagio. Nikapiga kelele: "Nimeuliza, tangu lini!"

"Msumeno, tangu ile siku ya kidole," akasema Ivana. "Macho, tangu kiangazi. Siku ile mjini hatukwenda dukani. Tulikwenda kwa daktari. Amesema presha ndani ya jicho imekwisha kuua mshipa. Kama angekwenda mapema... Sasa hakuna dawa. Kushoto hakuna kitu. Kulia anaona mwanga na kivuli."

"Na ile mioyo kwenye kikapu changu?"

"Ni mimi niliyeikata," akasema Vrasi. "Nilikuwa bado najidanganya. Huyu alikuwa akiichambua kabla haijakufikia, lakini mingine ilimpita, hakuwa amejifunza kuitambua."

Nikamgeukia yule msichana. "Nikakutukana."

"Ndiyo, Mama."

"Mara ngapi?"

"Sikuwa nahesabu. Ulikuwa na maneno mapya kila mara."

"Na msumeno nani kakufundisha?"

"Kiwandani nilikuwa kwenye mashine ya kukata bati. Hii ni tulivu zaidi. Bati halina moyo lakini linauma."

Nilimwendea Vrasi pale kigodani, nikamshika mabega, nikamtikisa mpaka kofia ikaanguka. "Kwa nini hukuniambia? Mimi! Mimi ni nani humu ndani, paka?"

Akapapasa kofia chini. Ndipo Ivana akasema, kwa upole kabisa, "Ulisema hutawasha moto."

Mungu wangu. Nilisema. Kila mwaka, mlangoni, kwa sauti, ili mwenye sikio asikie.

"Mliniogopa mimi?"

"Giza nitalizoea, Agazia," akasema Vrasi. "Wewe ukinuna nani atakuzoea? Vipande visingechemshwa vingeoza bandani, Nazareno angepeleka mafundo kwingine, na mimi ningekaa jikoni kwako nachambua maharage mpaka nife. Mkono umebadilika, ndiyo. Tulikuficha. Sasa umejua, fanya unavyojua."

Nilitoka. Nilikwenda ghalani, nikafungua rafu moja baada ya nyingine. Vipande vyote vya tangu Novemba, mkono wa yule wa Torino, nimevitazama kimoja kimoja mlangoni penye mwanga, pande zote. Sikuona ufa. Vimekaa pale vizima, vimetulia kama mayai.

Nikaketi sakafuni. Maneno ya baba mkwe niliyabeba ujana wangu wote na uzee wangu wote, na hayana kitu ndani. Mwaka ule labda mtu alisahau dirisha wazi, basi. Na kwa maneno hayo mume wangu alikuwa aache mkono wake kwenye chuma, na jana mimi nilikuwa tayari kumwacha. Kwa sababu ya mbao!

15 Desemba
Sikuwasha. Si kwa kununa. Nilikuwa nimekaa tu. Vikapu vitatu vipo vinangoja chini ya magunia. Hakuna aliyeniuliza. Ivana kavimwagia maji.

16 Desemba
Nimewasha.

Nilipoona maji yanaanza kutoa povu nikaita kwa sauti mpaka jirani kafungua dirisha: "Ivana! Leta kazi yako!" Akaja na kikapu, kasimama, hajui aweke wapi. Nikamwambia aweke pale anapoweka kila siku, kwani sufuria limehama? Kisha nikampigia mayai mawili na sukari na divai tamu, nikamwambia anywe, na akitaka kunishukuru anyamaze. Akanywa. Akanyamaza. Machozi yakamwingia kwenye bilauri. Nikamwambia chumvi inaharibu yai.

Kisha nikamwambia la kweli, kwamba nilimdhania mwizi. Kasema alijua. "Ulikuwa unanipakulia chakula kingi hata hivyo," akasema. "Nikajua sitakufa."

23 Desemba
Vrasi hataki nimshike mkono uani. Kafunga kamba kutoka mlango wa jikoni hadi karakana, anaifuata. Nazareno kaona kamba, kauliza tunaanika nini. Vrasi kamwambia mwenyewe, bila kumung'unya. Nazareno kavua kofia, kaivaa, kaivua. Kisha kasema, "Kwa hiyo siku ile hukunitania?" "Sikukutania." "Baghala amejivuna tangu siku hiyo, bwana. Nani sasa atamwambia?" Vrasi kacheka mpaka kakohoa. Mimi nililia, kichwa ndani ya kabati la sahani.

2 Januari
Theluji kidogo. Supu ya kabichi.

9 Januari
Tumechinja nguruwe. Ivana kashika beseni la damu bila kugeuza uso. Nimemfundisha kukoroga kwa mkono isigande. Nimemwita "mwanangu" mbele ya wanawake wote, nao wakatazamana. Watazamane.

15 Januari
Vrasi ameanza kuchonga kiko. Sikuwa tayari kwa hilo. Kukata vipande ni kazi moja, kuchonga kiko kwa mkono ni kazi nyingine, na nilidhani hiyo imekwisha. Kaingia ghalani kwa kupapasa, kwenye rafu ya vipande vya zamani vilivyokauka miaka, kagonga vingi, katoa kimoja. Kakilamba. Mate yanaonyesha nyuzi za mbao, ndivyo wanavyofanya wote, lakini yeye anaona nini? Nikamwuliza. "Ulimi unasikia nyuzi zinakwenda wapi," akasema. Sijui kama ni kweli au anajitapa. Mpaka leo anaweza kunidanganya akitaka.

18 Januari
Ivana katoboa kwa keekee, bakuli la kutia tumbaku kwanza, kisha njia ya moshi. Njia lazima itokee sakafuni kabisa mwa bakuli, ikiwa juu kiko kinabaki na maji, ikiwa chini hakivuti. Vrasi kaingiza sindano yangu ya kufumia na kidole kidogo, kapima. "Umepatia," akamwambia. Ivana kawa mwekundu kama nyanya.

22 Januari
Vrasi anakwaruza kiko kwa tupa. Kutwa nzima, kwaru, kwaru. Kajichuna viungo vya vidole. Nilimletea maji ya moto, kanifukuza. Nilisimama nje ya mlango nimeuma aproni.

26 Januari
Upepo wa kaskazini. Nimeziba ghala. Kwaru, kwaru.

1 Februari
Fundo la mwisho. Ivana kavua kitambaa kichwani badala ya kofia, kajifanyia ishara ya msalaba, kakata. Niliitazama mikono yake mpaka meno yakatulia. Vidole vyake kumi vipo. Sikusema maneno yoyote mlangoni, sina ya kusema. Kesho nachemsha vya mwisho.

3 Februari
Mtakatifu Biagio, ambaye huku kwetu tunamwita Vrasi, siku ya jina la mume wangu. Nimeoka mkate. Baada ya chakula katoa kiko mfukoni, kakiweka mezani mbele yangu.

Kiko kimenyooka, hakina madoido, shingo ndefu kidogo. Kakisugua kwa msasa mpaka kikawa laini kabisa, kakipaka mafuta, nyuzi zinapanda toka chini hadi juu kama moto. Mikono yangu ilikisikia kabla macho hayajakiona. Nilishtuka kwa uzuri wake. Mtu huyu hakukiona hata kidogo.

"Wewe una macho," akasema. "Kiangalie. Safi?"

Nikakipeleka dirishani. Nikakigeuza. Na mbele, chini kidogo ya ukingo wa bakuli, pale ambapo mtu ataangalia kwanza, kuna tundu la mchanga. Dogo kama kichwa cha pini. Erika inakua juu ya mawe, inameza changarawe na kuifunga ndani, na tupa inaifungua siku ya mwisho, bila onyo. Kiko chenye tundu hakiuzwi kama kizima. Anayejua anaona tundu kwanza, ndipo aone kiko.

Nilisimama na mgongo kwao. Ivana naye alikuwa ameliona, alinijia pembeni, akanitazama, akatikisa kichwa polepole. Nilimwelewa. Karibu wiki mbili za kwaru kwaru, ngozi za vidole, siku ya jina lake. Neno moja tu, "safi," na mzee angelala akitabasamu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilishtuka kulikuta pale.

"Agazia?"

"Kina tundu," nikasema. "Mbele, chini ya ukingo. Na bakuli umelinenepesha upande wa kulia. Limekaa kama shavu lenye jino bovu."

Ivana alifumba macho. Vrasi hakusogea, uso wake mtupu umeelekea pale sauti yangu ilipo, na nikawaza, nimemuua, nimemuua siku ya jina lake kwa mdomo wangu huu.

Kisha akashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyeweka gunia chini.

"Tundu nililipata Jumatatu," akasema. "Kidole kilinasa. Nilitaka kujua kama mmeshaanza kunidanganya."

Nikaketi. "Nikudanganye wewe! Umekuwa askofu?"

"Lakini huo unene wa kulia," akasema, akipapasa, akakunja uso, "huo sikuujua."

"Basi umejua. Ivana, mwanangu, mpe tupa."

Kampa. Vrasi kakiweka kiko kwenye goti, na mimi nikasogeza kiti karibu mpaka magoti yakagusana. "Hapa?" "Juu zaidi." "Hapa?" "Hapo. Punguza. Usiogope." Unga ukawa unamwagika kwenye suti yake ya sikukuu, na kwenye sketi yangu nzuri, na mkate ukapoa. Akapunguza mpaka nikamwambia basi.